Nani Mwenye Pupa? Jawabu kwa Wanaolaani Uchungu wa Kuanzishiwa

Imekita katika ukanda wetu wa pwani ya kaskazini, tangu Horohoro penye mpaka, kupitia Duga Maforoni na Moa, hadi Tanga mjini, kauli inayosemwa kwa yakini kubwa hivi kwamba msemaji hadaiwi burhani wala msikilizaji haoni haja ya kuiuliza: ya kwamba mwanamke aliyeanzishiwa uchungu hospitalini amekwisha kuandikiwa kisu, ya kwamba mtoto hutoka siku yake wala si siku ya daktari, na ya kwamba dawa ile ya kuleta uchungu ni pupa ya watu wasiojua kungoja. Husemwa na makungwi na mashangazi, husemwa na mashoga wakisukana nywele barazani, na wanaume nao, ambao aghalabu ndio washikao nauli na watoao ruhusa, huipokea kama hukumu iliyokwisha kupigwa muhuri.

Ingekuwa ni maneno ya kupitishia jioni tu, ningeyaacha yapite. Lakini maneno haya yana kazi yanayoifanya. Mjamzito aliyetimiza wiki 41, au mwenye presha iliyopanda na uso uliovimba, akiandikiwa rufaa na zahanati aende Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, akaanzishiwe uchungu, kauli hii ndiyo inayomketisha nyumbani siku mbili tatu ili kuangalia kwanza. Na katika baadhi ya miili, siku mbili tatu hizo ndizo zinazotenga uhai na mauti. Atakayenijibu kwa methali ya kwamba haraka haraka haina baraka, naye ajue kwamba wahenga wale wale walituachia pia ya kuwa ngojangoja huumiza matumbo, na kwa hiyo methali haziwezi kutuamulia shauri hili; litaamuliwa kwa hoja. Dai langu ni kwamba kuanzishiwa uchungu, kukifanywa kwa sababu yake na kwa utaratibu wake, ni amali inayotaka subira kuliko nyingi zifanywazo na waja katika mambo ya uzazi. Na kwamba pupa ipo, tena inaua, ila haikai pale inaponyoshewa kidole.

Naanza na hoja ya dini, kwa kuwa ndiyo yenye heshima kuliko zote. Husemwa kwamba siku ya kuzaliwa, kama siku ya kufa, imo mikononi mwa Mola, na mwenye kumharakisha mtoto anashindana na kadari. Nusu ya kwanza ya maneno haya hakuna muumini atakayeikana. Ni nusu ya pili isiyotokana na ya kwanza. Kisa cha Bibi Maryamu kimo katika Kurani Tukufu, katika sura iitwayo kwa jina lake: uchungu ulipomshika alikwenda kwenye shina la mtende, naye, katika hali ambayo mwanamke hana nguvu hata ya kusukuma mlango, akaamrishwa alitikise shina lile ili tende mbivu zimwangukie. Mola aliyempa mimba pasipo mume hakushindwa kumshushia tende pasipo kutikisa. Walakini alimfunza yeye, nasi kupitia kwake, kwamba rehema hupita katika sababu, na kwamba mja kuishika sababu kwa mkono wake si uasi. Kama presha ya mimba ni kadari, basi kuwapo kwa nesi aliyeipima, na daktari aliyeandika rufaa, na dawa iliyomo kabatini, ni kadari hiyo hiyo. Wala sijui kwa kanuni gani mtu huyakubali maradhi kuwa yametoka kwa Mungu, kisha tiba akaihesabu kuwa imetoka kwingine.

Wapo wengine, wenye kusoma zaidi, ambao huleta vitabu vya fikihi na kutukumbusha kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, muda wa juu wa mimba umetajwa kufika hata miaka minne, na kwa Mahanafi miaka miwili. Basi wiki 41 zina nini cha kutisha? Jawabu ni kwamba masuala yale yaliwekwa katika milango ya nasabu, eda na mirathi, ili mtoto asinyimwe baba na mjane asivunjiwe heshima kwa shubuha. Mwanachuoni aliyeyaandika alikuwa akililinda jina la mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Hakuwa akimpa mkunga shauri la muda wa kungoja. Kuichukua kanuni iliyowekwa kwa huruma ya kumhifadhi mtoto, ukaigeuza kuwa sababu ya kumwacha afie tumboni, ni kuikosea adabu fikihi yenyewe.

Sasa tuje kwenye kisu. Wenye kauli hii husema kwamba hawahitaji vitabu, kwani wameona kwa macho yao: fulani alianzishiwa akapasuliwa, na fulani, na fulani. Siwakatalii waliyoyaona, nawakatalia tafsiri yake. Mtu akisimama gatini Tanga akahesabu majahazi yaliyoingia kwa kuvutwa na kamba, akakuta mengi yanavuja, hatasema kuvutwa ndiko kulikoyatoboa. Yalivutwa kwa kuwa yalikwisha kutoboka. Vivyo hivyo, mwanamke hapelekwi kuanzishiwa uchungu kwa kuwa ni mzima na mimba yake haina neno. Hupelekwa kwa kuwa presha imepanda, au sukari imo katika damu, au chupa imepasuka na uchungu haukuja, au mtoto amepunguza kucheza, au mimba imepita muda na kondo linalomlisha mtoto limeanza kuchoka. Huyu alikuwa karibu na kisu kabla hajaonja dawa yoyote, na kumlinganisha na jirani yake aliyeshikwa na uchungu wenyewe alfajiri akajifungua adhuhuri si mizani ya haki.

Mizani ya haki ni kuchukua wanawake wenye hali moja, nusu waanzishiwe na nusu wangojewe, kisha matokeo yalinganishwe. Na jambo hilo limefanywa mara nyingi. Mwaka 1992 kulitangazwa matokeo ya utafiti wa Kanada wa wanawake 3,407 waliofika wiki 41 au zaidi: katika walioanzishiwa, waliopasuliwa walikuwa 21 katika kila 100, na katika waliongojewa walikuwa zaidi ya 24. Uholanzi, mwaka 2009, wanawake 756 wenye presha ya mimba baada ya wiki ya 36 waligawanywa namna hiyo hiyo. Waliopatwa na madhara, hasa presha kupanda kupita kiasi, walikuwa 31 katika kila 100 kwa walioanzishiwa, na 44 kwa waliongojewa, wala visu havikuzidi upande wa walioanzishiwa. Sweden, utafiti wa wanawake 2,760 uliochapishwa mwaka 2019 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa upande ulioachwa ungoje hadi wiki 42 ulikuwa umepoteza watoto sita, na upande ulioanzishiwa katika wiki ya 41 haukupoteza hata mmoja. Na tafiti za namna hii zilipokusanywa pamoja mwaka 2020, zenye watoto zaidi ya 18,000, vifo vilikuwa vinne upande wa walioanzishiwa na 25 upande wa waliongojewa.

Sileti hesabu hizi ili Horohoro iige Uholanzi, wala siungi mkono mtindo wa kumwanzishia kila mtu. Marekani, mwaka 2018, wanawake 6,106 wa mimba ya kwanza wasio na maradhi walifanyiwa utafiti wa kuanzishiwa katika wiki ya 39, na walioanzishiwa walipasuliwa kidogo kuliko wenzao. Lakini wale walikuwa na vitanda, mashine na wakunga kwa idadi ambayo wodi zetu hazinayo, na mwanamke mzima wa ukanda wetu mwenye mimba nzima ya wiki 39 hana sababu ya kusafirishwa ili aanzishiwe. Shirika la Afya Duniani nalo limeshauri kwamba uchungu uanzishwe pale tu penye sababu ya kitabibu iliyo wazi, na katika mahali ambapo upasuaji unaweza kufanywa ukihitajiwa. Ninachokidai ni kidogo kuliko mtindo wa Marekani, nacho ni thabiti zaidi: sababu ikiwapo, kuanzishiwa hakumpeleki mwanamke kwenye kisu, mara nyingi ndiko kunakomwepusha nacho.

Hapa wapinzani wangu wana hoja moja ambayo sitaikwepa, nayo ni ya hesabu. Husema kwamba nesi hukosea siku, na mtoto asiyeiva akatolewa kwa nguvu. Na kweli hayo hutokea. Kadi ya kliniki huhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kanuni iliyoenezwa na Mjerumani Franz Naegele katika karne ya kumi na tisa, nayo hudhania kwamba mwanamke anaikumbuka siku ile na kwamba hedhi yake huja kwa mpango. Bibi zetu huhesabu miezi tisa ya kuandama, ambayo ni siku 265 au 266, wakianzia pale mimba ilipoingia; na mwenye kukaa akapiga hesabu ataona kwamba wiki mbili zilizozidi kwa nesi ndizo zile zilizo baina ya hedhi na kutunga mimba, hata bibi na nesi hufika karibu siku moja. Aghalabu ugomvi wao ni wa mahali pa kuanzia. Palipo na shida hasa ni kwa yule aliyeshika mimba angali akinyonyesha, au baada ya kuacha sindano za uzazi wa mpango, asiyekuwa na hedhi ya kuhesabia.

Dawa ya hesabu mbovu ni hesabu njema. Kuacha kuhesabu si dawa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito apimwe kwa utrasaundi mara moja kabla ya kutimiza wiki 24, kwani mtoto mchanga wa tumboni hukua kwa kipimo kinachofanana kwa wote, ilhali picha ya miezi ya mwisho yaweza kukosea hata wiki tatu mbele au nyuma. Na asiseme mtu kwamba haya ni ya Ulaya: Korogwe, katika mkoa wetu huu huu, wajawazito walipimwa kwa utrasaundi mara kwa mara, na mwaka 2012 ikatangazwa chati ya uzito wa mtoto tumboni iliyotokana na miili ya wanawake wa hapa. Basi mwenye kuchelea kwamba mwanawe atatolewa kabla ya siku zake, njia ya kumkinga ni kuanza kliniki mapema, katika miezi mitatu ya mwanzo. Na anayesubiri mwezi wa sita ndipo aende kuonyesha tumbo, huyo amemnyima nesi kipimo, kisha anamlaumu kwa kukisia.

Nimefika kwenye jambo ambalo naamini ndilo mzizi wa hofu yote, nalo ni kwamba mwanamke huingia katika shughuli hii bila kuambiwa itakuwaje. Huambiwa apande kitandani, hutundikiwa dripu, na kila kinachofuata humjia kwa ghafla. Na kisichoelezwa na mwenye kukijua hukamilishwa na mwenye kukidhania. Kwa hiyo na tuyaseme hapa.

Kwanza mkunga huupima mlango wa kizazi kwa vidole, akiangalia mambo matano ambayo Mmarekani Edward Bishop aliyawekea alama mwaka 1964: umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ni mgumu au mlaini, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka kadiri gani. Ukiwa bado mgumu na umefunga, dripu haina maana kwanza, hutangulia kuulainisha. Huweza kuingizwa mpira mwembamba, ule ule utumiwao kutolea mkojo, ukajazwa maji safi kichwani uwe kama puto dogo, ukakaa ukibonyeza mlango hadi ufunguke na mpira wenyewe uanguke. Au hutumika misoprostoli, dawa iliyobuniwa hapo awali kwa vidonda vya tumbo, ambayo kidonge chake cha maikrogramu 200 huyeyushwa katika mililita 200 za maji, na mwanamke akanyweshwa mililita 25 kila baada ya saa mbili, yaani thumuni ya kidonge kwa mara moja. Mlango ukishalainika, chupa yaweza kupasuliwa, na ndipo dripu ya oksitosini huanza: matone kumi kwa dakika, yakiongezwa kila nusu saa, hadi mikazo mitatu ya uchungu ipatikane ndani ya dakika kumi, hapo matone hayaongezwi tena. Muda wote huo mapigo ya moyo wa mtoto yapaswa kusikilizwa angalau kila nusu saa.

Msomaji aliyefuata mpango huu atakuwa ameona kwamba hauna haraka ndani yake. Kulainisha mlango peke yake kwaweza kuchukua usiku mzima, na kwa mimba ya kwanza usiku na mchana; mwanamke kukaa wodini siku mbili kabla ya kujifungua si dalili kwamba dawa imekataa. Lakini ndugu waliosimama nje na kikapu cha uji, ambao walidhani dawa ya uchungu huleta mtoto saa ile ile, wakifika siku ya pili wakaambiwa bado, huanza kunong'ona kwamba mtu wao ameharibiwa. Na kama mwisho wake ukawa upasuaji, mnong'ono huo hurudi Horohoro ukiwa ushahidi. Ni kweli kwamba mara nyingine mlango haufunguki pamoja na yote, au moyo wa mtoto ukaonyesha kuchoka, na kisu kikahitajiwa. Hilo lapasa kusemwa tangu siku ya kwanza, kwa lugha nyepesi, ili mwanamke akubali au akatae hali akijua. Maana ridhaa ya asiyejua si ridhaa.

Kuhusu ukali wa uchungu, kauli ya mtaani ina kweli ndani yake. Uchungu uliokuja wenyewe huanza kwa kunyemelea, ukapanda kidogo kidogo kwa saa nyingi, na mwili ukauzoea; uchungu wa dripu waweza kupanda kwa muda mfupi, na mwanamke akajikuta katikati yake kabla hajajiandaa. Nisingependa adanganywe kwamba ni sawasawa. Ila kinachoufanya uchungu huo usivumilike, mara nyingi zaidi kuliko dawa yenyewe, ni upweke: kulazwa chali, kukatazwa kuinuka, kutopewa cha kutuliza maumivu, na mama mzazi au shangazi kuachwa nje ya mlango wa leba. Mkoani Kigoma palifanywa majaribio ya kuwaruhusu wajawazito kuwa na mwenzi wa kuwashika mkono wakati wa kujifungua, na ikaonekana kwamba jambo hilo lawezekana katika vituo vyetu vya umma bila kuhitaji majumba mapya. Yule anayepiga vita dawa angefanya jema kubwa zaidi kama angeudai mlango ule ufunguliwe, aingie, akae kitako pembeni mwa kitanda cha bintiye.

Ni haki pia kukiri kwamba hofu ya sindano ya uchungu haikuzuka hewani. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aligundua kwamba maji ya tezi moja iliyo chini ya ubongo yana nguvu ya kuukaza mji wa mimba, na mwaka 1909 William Blair-Bell akayatumia kwa wazazi. Kwa miaka mingi baada ya hapo dawa hiyo ilidungwa mwilini kwa mara moja, pasipo njia ya kuipunguza ikishaingia, na miji ya mimba ilipasuka na watoto wakafa, Ulaya kabla ya kwingineko. Ni baada ya msiba huo ndipo watabibu wakajifunza kuihesabu kwa matone; na Vincent du Vigneaud alipoweza kuitengeneza oksitosini yenyewe mwaka 1953, kazi iliyochangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 1955, ikawezekana kupata dawa yenye nguvu ya kipimo kimoja. Kwa hiyo bibi anayeiogopa sindano ya uchungu anaogopa jambo lililowahi kuwa kweli.

Tena lingali kweli pale kipimo kinapoachwa. Wengi huchanganya mambo mawili: kumwanzishia uchungu asiyekuwa nao, na kumwongezea uchungu aliyekwisha kuwa nao, ambako hufanywa mara nyingi zaidi na kwa uangalifu mdogo zaidi, kwa kuwa wodi imejaa na kitanda kinangojewa. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wahudumu na watafiti walitunga pamoja mwongozo mfupi wa kusimamia uzazi, katika mpango uitwao PartoMa ulioanza mwaka 2014. Baada ya mafunzo yake, wanawake waliotiwa dripu ya kuongeza uchungu walipungua kutoka 22 hadi 12 katika kila 100, na watoto waliozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 katika kila 1,000. Sidai kwamba dripu peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, kwani mwongozo uligusa mambo mengi; nadai kwamba hospitali ya Waswahili, yenye uhaba wa watu kama zetu, ilithibitisha kwamba dawa hii huwa salama kwa kadiri ya macho yanayoitazama. Wapinzani wangu wakitaka kupambana na dripu inayofunguliwa kisha ikaachwa, watanikuta nimesimama upande wao.

Sasa naulizia pupa ya nyumbani, ambayo kauli ya mtaani huisahau kwa namna ya ajabu. Mjamzito yule yule aliyekatazwa kwenda Bombo kwa kuwa siku haijafika, mimba ikizidi kuchelewa huletewa mizizi iliyochemshwa, au mafuta ya mbarika, au kikombe kichungu ambacho mletaji mwenyewe hajui nguvu yake. Na siku hizi, kwa siri, huletewa misoprostoli iliyonunuliwa dukani, akaambiwa akiweke kidonge kizima, yaani mara nane ya kile ambacho hospitali humpa kwa kunywa. Nani anasikiliza moyo wa mtoto katika chumba hicho? Nani anahesabu mikazo kwa dakika kumi? Dripu ikizidi, mkunga huifunga, na ndani ya dakika chache nguvu yake huanza kushuka. Kikombe kilichokwisha kunywewa hakina mfuniko wa kufunga. Na kama mwanamke huyo ana mshono wa upasuaji uliopita, ambao hospitalini ungefanya misoprostoli ikatazwe kabisa, mshono waweza kuachia akiwa maili nyingi kutoka kwenye damu na chumba cha upasuaji. Haya ndiyo yanayoitwa kuacha maumbile yafuate mkondo wake!

Na umbali ndio unaoipa hoja yangu uzito wa pekee hapa kwetu. Tangu Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65 za lami, na zahanati zetu hazina ruhusa wala zana za kuanzisha uchungu, jambo ambalo ni sawa, kwani hazina chumba cha upasuaji. Mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, na Wadigo ni ukoo mmoja pande zote mbili, pengine atafikiria Lungalunga na Msambweni. Popote aendapo, achukue kadi yake ya kliniki, kwa kuwa humo ndimo ilimo hesabu ya wiki na presha. Kwa mtu wa mjini, kungoja uchungu uje wenyewe na hatari zake ni jambo la mitaa michache. Kwa mtu wa mpakani, dalili za kifafa cha mimba zikizidi saa nane za usiku, hiyo ni safari ya kutafuta gari, dereva na fedha kwa pamoja. Rufaa ya kuanzishiwa humpa kitu ambacho dharura haimpi, nacho ni mchana: siku ya kujulikana, nauli iliyochangwa, ndugu wa kutoa damu alioafikiana nao, na mtu wa kubaki na watoto. Anayeikataa rufaa hiyo hajaikataa haraka; ameiahirisha hadi usiku.

Tumekwenda mbele kama taifa, na si haki kujifanya hatukwenda. Utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wazazi 81 katika kila 100 hujifungulia katika vituo, kutoka 63 katika utafiti wa miaka saba nyuma, na makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Miongoni mwa vifo vilivyosalia vimo vya kifafa cha mimba, maradhi ambayo dawa zote nyingine huyatuliza tu, na tiba yake ni kujifungua. Kumwambia mwenye maradhi hayo kwamba asubiri siku yake ni kumwambia asubiri maradhi.

Hivyo ninachowataka wakuu wa nyumba zetu si kunyamaza. Nawataka mamlaka yao waliyonayo juu ya wajawazito wayatumie mahali penye manufaa. Wamsindikize binti, nao wamfunze kuuliza: naanzishiwa kwa sababu gani, kwa njia ipi, nani atanitazama, nani atakaa nami, na isipofanikiwa mtafanya nini? Hospitali nayo isiyoweza kuyajibu maswali hayo matano kwa adabu na kwa Kiswahili cha kueleweka haina haki ya kushangaa watu wakikimbilia uvumi. Lakini yule anayemzuia bintiye asiifuate rufaa ya haki kwa hoja ya kwamba tusiharakishe kazi ya Mungu, kisha usiku akaingia jikoni kumchemshia mizizi, huyo asitufundishe sisi habari za subira.